Ephrasia na Kobe wa Kagoma

Ephrasia alikuwa mke wa Privatus, fundi baiskeli wa Kagoma, na sifa yake ya kwanza kijijini ilikuwa kicheko. Akicheka kibanjani kwake, jirani aliyekuwa akipalilia migomba upande wa pili hutabasamu bila kujua kilichochekesha. Sifa yake ya pili ilisemwa kwa sauti ya chini. Alikuwa ameolewa miaka mingi na Mungu hakuwa amempa mtoto. Privatus hakuwahi kumtamkia neno baya juu ya jambo hilo, na mama mkwe wake alikwisha kuchoka kuuliza. Lakini kisimani, njiani, hata nje ya kanisa baada ya misa, wapo watu waliokuwa na namna yao ya kumsabahi na kumuuliza habari za nyumbani huku macho yao yakimtazama tumboni.

Miaka ile Kagoma ilikwisha kuandikwa kijiji cha ujamaa. Kila familia ilibaki na kibanja chake cha migomba na mibuni, lakini kule kwenye rweya, mbuga ya nyasi iliyo nje ya vijiji, palifunguliwa shamba la wote la mahindi na maharage. Wanawake walikwenda huko kwa zamu na watoto wao mgongoni, na wale waliokwisha kutembea waliachwa wacheze pembeni ya shamba. Siku moja watoto walikalia njia ya siafu. Vilio vilivyosikika hapo viliangusha majembe yote kwa mara moja. Mama zao walikimbia, wakawavua nguo na kuwachambua siafu mmoja mmoja, na palizi ya siku hiyo ikaishia hapo.

Jioni hiyo hiyo Anatolia, mwenyekiti wa akina mama wa kijiji, alimwendea Mzee Mushumbusi, mwenyekiti wa kijiji chenyewe, akamwambia kwamba akina mama hawatarudi shambani mpaka watoto wapate mahali pa kukaa. Mzee Mushumbusi alikuwa mtu mrefu, mwembamba, aliyevaa koti jua likiwaka na mvua ikinyesha. Alipenda sana maendeleo, ila aliyapenda zaidi yalipotoka kinywani mwake. Aliitisha mkutano na kutangaza, kana kwamba wazo ni lake, kwamba ghala la zamani la kahawa litafanywa kituo cha watoto wadogo. Kilichobaki ni kumpata wa kuwatunza.

"Ephrasia," alisema Anatolia. "Amesoma mpaka darasa la sita, Kiswahili anakijua, na hana mtoto mgongoni wa kumzuia."

Kisha Clotilda, mama wa watoto wengi na mwenye ulimi mwepesi, akasema, "Sina ubaya naye, waitu, ndugu zangu. Lakini asiyezaa atajuaje mtoto anayelia njaa na anayelia usingizi?"

"Clotilda," Anatolia akamjibu bila hata kugeuka, "wewe umezaa hukukoma, na Buberwa wako ameliwa na siafu ukimtazama."

Mkutano mzima ulicheka, na Ephrasia akacheka pamoja nao. Lakini alipofika nyumbani, akiwa anamenya ndizi, mikono yake ikasimama tu. Privatus aliingia akipangusa grisi vidoleni, akamwona.

"Unalilia neno la Clotilda?"

"Nalilia kitunguu."

"Kitunguu kiko wapi?"

Ephrasia hakuwa na kitunguu. Privatus akavuta kigoda akaketi kando yake, akachukua ndizi naye akaanza kumenya, kazi ambayo wanaume wa Kagoma hawakuifanya mbele ya watu. "Watoto hawatakuuliza umezaa wangapi," alisema. "Watakuuliza uji uko wapi. Uwe na jibu la hilo tu."

Kijiji kilimchagua Ephrasia, akapelekwa mjini Bukoba kujifunza kazi hiyo. Alifikia mtaa wa Hamugembe kwa Maulida, rafiki yake tangu darasani, aliyeolewa na fundi cherehani. Mafunzo yaliendeshwa na mwalimu mmoja aitwaye Theopista, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, na mengi yalihusu uji: namna ya kuchanganya unga wa mahindi, karanga na dagaa waliosagwa, namna ya kuchemsha maji, namna ya kuwanawisha watoto bila kumaliza sabuni. Siku ya kuagana Theopista alifungua boksi la vitabu vya picha vya msaada, vilivyochapwa kwa Kiswahili, akawaambia kila mmoja achukue kimoja.

"Tuvifanyie nini?" mwenzake mmoja aliuliza.

"Muwasomee watoto," alisema Theopista. Muda ulikwisha kwisha na mabasi ya Muleba yalikuwa yanapiga honi.

Kitabu kilichomwangukia Ephrasia kilikuwa kimepoteza jalada, hata jina lake hakulijua. Kilikuwa na habari za kobe mfinyanzi. Kobe alifinyanga vyungu, akavitia kikapuni na kujitwika mgongoni. Akavuka kijito juu ya gogo, akafika sokoni, akauza vyungu vyake na kununua chumvi. Akiwa njiani kurudi mvua ikanyesha, na alipofika nyumbani akafungua mfuko, chumvi haikuwamo. Mwishoni kobe ameketi mlangoni kwake, anacheka, na kinywa chake kimechapwa kwa wino mwekundu.

Ephrasia alimsomea Maulida kabla ya kulala. "Maskini!" alisema Maulida. "Angeifunga kwa jani la mgomba ingefika. Mtu aliyeandika hicho si wa huku."

Ghala la kahawa lilifagiliwa, kuta zikapakwa udongo mweupe, ingawa harufu ya kahawa haikutoka kamwe. Jumatatu ya kwanza watoto waliletwa, wengine wakivutwa kwa mkono, wengine wakiwa wamebebwa kama mafungu ya kuni. Waliketi kwenye mikeka. Ephrasia alisimama mbele yao na kitabu chake, akaanza kusoma kwa sauti aliyoiiga kwa padri wakati wa somo.

Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili. Hakuna aliyepepesa macho. Aliinua macho akaona nyuso zilizomtazama kwa adabu kubwa, kama watu wanaosikiliza redio ya nchi nyingine. Ndipo alipokumbuka jambo ambalo Theopista na uji wake wote hakuwa amelisema: watoto hawa walijua Kihaya tu. Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya wenyeviti na ya matangazo.

Buberwa, kitinda mimba wa Clotilda, aliyekuwa ameletwa kwa sababu tu Anatolia alimfuata mwenyewe nyumbani, aliinua mkono akauliza kwa Kihaya kama huo uji unakuja. Kando yake msichana mdogo, Kokuberwa, ambaye hata nyumbani kwao alikuwa akiwapangia kazi wakubwa, alinyoosha kidole kwenye picha. "Lile jiwe," alisema kwa Kihaya, "kwa nini lina kichwa?"

Kumbe hata kobe hawakumjua. Ephrasia alianza kueleza, akaona maelezo hayafiki. Akaweka kitabu chini. Pembeni palikuwa na kikapu kikubwa cha kubebea kahawa. Akakunja gauni lake, akapiga magoti, akaegemeza mikono sakafuni na kujifunika kikapu mgongoni. Akaingiza kichwa ndani, kisha akakitoa polepole, akapepesa macho kulia na kushoto.

"Mimi ni kobe," alisema kwa Kiswahili. "Ninakwenda sokoni. Polepole. Polepole."

Kelele zilizopigwa pale zilimfikisha mlinzi wa maghala mlangoni akidhani paa limeanguka. Alimkuta mke wa Privatus akitambaa, na nyuma yake msafara mzima wa watoto wakitambaa, wakiimba "Polepole! Polepole!" kwa sauti ya kupasua masikio. Alirudi zake akitikisa kichwa, na kabla ya jioni kijiji kizima kilikuwa na habari.

Tangu siku hiyo Ephrasia hakusoma tena ukurasa bila kwanza kujiuliza mikono ya watoto itaufanyia nini. Kwa ukurasa wa vyungu aliwachukua mpaka bondeni, wakachimba udongo wa mfinyanzi, wakaubeba kwenye majani ya migomba na kuukanda kwa miguu. Kila mtoto alifinyanga chungu chake. Vingine vilipinda, vingine vilipasuka juani, na kimoja, cha Buberwa, kilikuwa kinene hata maji yakakosa nafasi ndani yake. Wakavipanga: kidogo, kikubwa, kikubwa zaidi. Wakatia punje za kahawa wakihesabu mpaka wakachanganyikiwa na kuanza upya. Neno la Kiswahili lilikuja na kitu chake mkononi, na mtoto aliyekuwa ameshika udongo hakuhitaji kuulizwa mara ya pili udongo ni nini.

Kwa ukurasa wa kijito aliangusha shina la mgomba uliokwisha kuvunwa, akalilaza uwanjani, na watoto wakalivuka mmojammoja na kikapu mgongoni. "Shika! Inama! Usianguke!" Waliokuwa wakingojea waliwapigia makofi waliovuka na kuwapigia makofi makubwa zaidi walioanguka. Shina la mgomba lililokatwa huteleza kama samaki, na hilo walilijua wote, lakini siku hiyo walijifunza kulisema.

Clotilda alikuja wiki hiyo na uso wa mvua. Buberwa alikuwa amerudi nyumbani na udongo mpaka ndani ya masikio, tena akitambaa, na ungo mpya wa mama yake mgongoni.

"Nimemleta mtoto asome," alisema akiwa bado mlangoni. "Ananirudia mfinyanzi. Jana nimemwita aje ale, ananiambia 'Polepole, mama, mimi ni kobe.' Ni masomo gani hayo?"

"Alikuambia kwa Kihaya?" Ephrasia aliuliza.

"Kwa Kiswahili," alisema Clotilda hatimaye.

"Ulimfundisha wewe?"

"Mimi Kiswahili changu ni cha kuuzia kahawa tu."

"Basi karibu uji, dada."

Clotilda hakunywa uji, alikuwa na haraka ya kwenda shambani. Lakini alipoondoka alimchukua mtoto mwingine aliyekuwa akilia mlangoni, akamwingiza ndani, na wala hakumwondoa Buberwa kituoni.

Ukurasa wa mvua ndio uliozaa balaa. Watoto walikataa kabisa kwamba chumvi inaweza kupotea kwa kunyeshewa. Buberwa alisimama kwenye mkeka kama wakili. Chumvi imeibwa, alisema. Chura aliyechorwa pembeni ya njia alikuwa na sura ya mwizi, kila mtu amtazame. Kokuberwa akamwambia kwamba chura hana mfuko. Buberwa akajibu kwamba ana mdomo. Watoto wakagawanyika pande mbili, wakaanza kusukumana, na Ephrasia akaona kwamba hapa kitabu chenyewe hakiwezi kuamua.

Nje mawingu yalikuwa yamekusanyika juu ya vilima, na mvua za Kagoma hazichelewi. Ephrasia alikwenda kwenye chumba cha nyuma kulikokuwa na vyombo vya kituo, akachukua mkebe wa chumvi. Chumvi yenyewe ilikuwa adimu sana mwaka huo. Duka la ushirika lilikaa bila chumvi wiki nzima nzima, na hiyo iliyokuwa kwenye mkebe Anatolia aliitafuta mpaka Muleba kwa ajili ya maharage ya akina mama wa zamu. Ephrasia alitaka kuchukua kidogo tu. Akamimina kwenye mfuko wa kitambaa, mfuko ukaonekana mtupu, akaongeza, akaona bado hauonekani kama wa kwenye picha, akaongeza tena. Mtu aliyeshikwa na hadithi hapimi vizuri.

Waliuning'iniza mfuko kwenye tawi la mbuni nje ya mlango, na chini yake wakaweka sufuria. Mvua ilikuja na upepo. Watoto walijazana mlangoni wakiutazama mfuko ukinywea mbele ya macho yao kama tumbo la mtu mwenye njaa.

"Chura yuko wapi?" Kokuberwa alimuuliza Buberwa.

"Bado hajafika," alisema Buberwa.

Mvua ilipokatika waliufungua mfuko. Ulikuwa umelowa, na ndani yake hamkuwa na kitu. Watoto walitazamana. Ndipo Ephrasia akawaambia wachovye kidole kwenye sufuria na waonje. Nyuso zilizokunjwa pale hazisahauliki. "Chumvi!" walipiga kelele. "Chumvi imo majini!" Buberwa alionja mara nyingi kuliko wote, kwa sababu alikuwa na mengi ya kukubali.

Wakiwa bado wanachovya vidole, Anatolia alitokea, amejifunika jani la mgomba kichwani, anakuja kutia chumvi kwenye maharage yaliyokuwa motoni. Alipita akaingia chumba cha nyuma. Kisha akatoka na mkebe akiwa ameupindua.

"Ephrasia," alisema taratibu, "chumvi ya akina mama iko wapi?"

Ephrasia alijiona tena kwenye mkutano, na safari hii Anatolia hangekuwa upande wake. Alifikiri juu ya wanawake waliokuwa wanarudi kutoka rweya wakiwa wamelowa, na chakula kisicho na ladha kikiwangoja kwa sababu ya kobe.

Kokuberwa ndiye aliyejibu. Alimshika Anatolia mkono kama mtu anayempeleka mgeni chumbani, akamwinamisha mbele ya sufuria. "Bibi, onja," alisema kwa Kiswahili. "Chumvi haikupotea. Imelala majini."

Anatolia alionja. Akamtazama msichana, akamtazama Ephrasia, akayatazama maji yale yaliyokwisha kutiwa vidole vya kituo kizima. "Walinawa mikono?" aliuliza.

"Walinawa, waitu. Kwa sabuni."

Anatolia alinyanyua sufuria, akaenda nayo jikoni, akaimimina yote kwenye maharage. Yakachemka vizuri. Akina mama walikula wakasema yamekolea, na mmoja akauliza chumvi imepatikana wapi. "Imenyesha," alisema Anatolia, na Ephrasia, aliyekuwa akijificha nyuma ya mlango, alicheka mpaka wakamsikia.

Basi ukabaki ukurasa wa soko. Watoto walijenga vibanda vya majani makavu ya migomba uwanjani, wakapanga vyungu vyao, ndizi za udongo, samaki wa kuchongwa kwa magome, senene waliofumwa kwa nyasi. Walibadilishana bidhaa, wakabishana, wakapunguziana. Kelele zao zilimfikia Mzee Mushumbusi aliyekuwa anatoka ofisini. Alisimama na mikono yake mgongoni akatazama kwa muda mrefu.

"Mama Mwalimu," alimwita Ephrasia kando. "Huyu kobe ni nani?"

"Ni kobe wa kitabuni, Mwenyekiti."

"Anatengeneza vyungu peke yake. Anauza peke yake. Faida anatia mfukoni mwake peke yake." Alihesabu makosa hayo kwa vidole. "Huyo ni mlanguzi. Tunapiga vita unyonyaji, halafu hapa kijijini kwangu mnawafunza watoto ulanguzi?"

"Mwenyekiti, hata hiyo faida yenyewe ilinyeshewa."

"Si kitu. Siku ya Sabasaba wageni watakuja kutoka Muleba. Nataka watoto waonyeshe mchezo huo, lakini kobe huyo apeleke vyungu vyake ushirika, na chumvi akainunue kwenye duka la kijiji. Basi."

Ephrasia alirudi ndani akiwa na mawazo. Aliwaambia watoto kwamba soko limefungwa, sasa kobe anakwenda duka la ushirika. Alitaka kuwafundisha wafanye nini huko. Hawakungoja. Hiyo ilikuwa habari wanayoijua kuliko zote alizowahi kuwapa. Mama zao walikuwa wamekwenda nao pale tangu wakiwa mgongoni. Ephrasia aliwatazama wakijipanga, akafumba mdomo kwa kiganja, akaamua kwamba yeye kazi yake ni kutekeleza maagizo ya mwenyekiti, na maagizo yalikuwa duka.

Sabasaba ilifika na jua zuri. Ngoma zilipigwa, hotuba zikasomwa, wageni kutoka Muleba wakaketi kwenye viti vilivyoazimwa parokiani. Mzee Mushumbusi alitangaza mchezo wa watoto wetu wa kituo, wenye mafunzo ya ujamaa.

Kobe alikuwa Kokuberwa, na kikapu mgongoni. Alifinyanga, akajitwika, akavuka gogo, na watu wakapiga makofi. Akapeleka vyungu ushirika, akapokewa kwa heshima na mtoto aliyevaa koti la baba yake linaloburuzika chini. Mzee Mushumbusi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha kobe akaenda dukani kununua chumvi.

Mbele ya duka palikuwa na foleni. Watoto wote waliosalia walikuwa kwenye foleni hiyo, mmoja nyuma ya mwingine, na kila mmoja alisimama kama mtu wake halisi. Mmoja alikuwa amebeba mtoto wa magome ya mgomba na kumpigapiga mgongoni. Mwingine alikuwa ameweka jiwe mahali pake akaenda kuketi kivulini, na waliofuata wakalisogeza lile jiwe kwa mguu. Wawili walikuwa wakigombana nani alitangulia. Kobe akaungana nao, akasogea polepole, polepole, mpaka akafika mbele. Nyuma ya sanduku lililogeuzwa kuwa kaunta alikuwa ameketi Buberwa, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Naomba chumvi, ndugu," alisema kobe.

Buberwa hakumtazama. Alitazama angani, akajikuna shingo, akapiga mwayo mrefu. "Chumvi hakuna," alisema. "Rudini kesho."

Watu wote wa Kagoma waliangalia chini, kwa sababu mwenyekiti wa kamati ya duka alikuwa Mzee Mushumbusi mwenyewe, na mwayo ule, na ule mkuno wa shingo, vilikuwa vya mtu wanayemjua, muuzaji wa duka, aliyekuwa ameketi safu ya pili akitamani ardhi impokee. Kobe alingoja kidogo, kisha akasema maneno ambayo hakufundishwa na mtu: "Hata ya chini ya kaunta?"

Aliyeanza kucheka ni mke wa Mzee Mushumbusi. Alijaribu kukizuia kicheko kwa kanga, kikamshinda. Kicheko chake kiliwafungulia wengine mlango, na mara uwanja mzima ulikuwa unacheka, wageni wa Muleba wakishikana mabega, wazee wakifuta machozi kwa mikono ya kanzu. Mzee Mushumbusi alisimama. Alivuta koti lake. Alikusudia kusema jambo kali, kila mtu aliliona likimpanda kooni, lakini macho yake yalimwangukia Buberwa, ambaye kwa kutojua kilichotokea alikuwa anapiga mwayo wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza. Mwenyekiti alitoa sauti kama ya baiskeli inayotoka upepo, akaketi, akacheka kama wengine.

Mwisho wa sherehe alimwendea Ephrasia. "Yule kobe," alisema akitazama pembeni, "mrudisheni sokoni."

Wiki iliyofuata duka lilipata chumvi, na muuzaji alikuwa akiwaamkia watu.

Jioni ya Sabasaba, watu walipokuwa wakitawanyika, Clotilda alitembea na Ephrasia mpaka njia panda. Buberwa alikuwa amelala begani kwa mama yake, kofia bado kichwani.

"Juzi alipokuwa na homa," Clotilda alianza, "hakuniita mimi. Alikuwa anakuita wewe. Ma Ephrasia, Ma Ephrasia, usiku kucha."

"Alitaka uji," alisema Ephrasia.

"Hakutaka uji. Nilimpa akakataa." Clotilda alimhamishia mtoto bega la pili. "Nilisema neno baya kwenye mkutano ule. Nalijua. Nilikuwa nalitafutia njia ya kulirudisha, na neno likishatoka halina mlango wa kurudia."

Ephrasia alimtazama Buberwa, akamsawazishia kofia. Angeweza kusema kwamba hakumbuki, lakini alikumbuka. "Liliniuma," alisema. "Sasa haliniumi. Nipokeze mtoto, umechoka." Na akambeba mpaka nyumbani kwao.

Ephrasia hakupata mtoto wa kuzaa, si mwaka huo wala baadaye, na hakuwahi kusema kwamba jambo hilo halikumgusa. Lakini ukipita naye Kagoma jioni ulihitaji muda, maana kila kibanja kilitoa mtu wa kumwita, na Privatus alijifunza kutomngoja chakula cha jioni mapema. Watoto walioingia darasa la kwanza kutoka kituoni kwake walikwenda na Kiswahili midomoni na udongo kuchani, na mwalimu wa darasa hilo alilalamika jambo moja tu, kwamba kila wakisomewa hadithi hawakubali kuketi.

Mwaka uliofuata Mwalimu Theopista alikuja kutoka Bukoba kukagua vituo. Aliketi kwenye mkeka na watoto, akatambaa alipotakiwa kutambaa, ingawa kuinuka kulihitaji wasaidizi wawili. Kabla ya kuondoka alifungua mkoba wake akatoa kitabu kipya, chenye jalada lake, rangi zake bado zinang'aa.

Habari ilimtangulia Ephrasia nyumbani. Alipofika, Anatolia, Clotilda na akina mama wengine walikuwa wamesimama mlangoni kwake, mikono kiunoni.

"Tumesikia una kitabu kingine," alisema Anatolia. "Kinahusu nini?"

Ephrasia alikificha nyuma ya gauni. "Kizuri sana."

"Ephrasia. Kinahusu nini?"

"Nyuki," alisema Ephrasia.

Clotilda aliita watakatifu wote wa parokia yake. Anatolia aliketi kwenye kizingiti. Na nyuma ya nyumba, Privatus alikuwa anamsaidia Mzee Datius, mfuga nyuki wa kijiji, kushusha mzinga mtupu kwenye baiskeli, kwa uangalifu mkubwa, wakinong'ona kama wezi.